Bwawa Lililokaguliwa Sebuleni

Iko nchi moja, wala haiko mbali, ila njia ya kwendea huko haiulizwi kwa sababu kuuliza kunahitaji kibali. Nchi yenyewe imekaa mteremkoni. Kila kitu huko hushuka kutoka juu: amri hushuka, mvua hushuka, uchafu nao hushuka, na walio chini hushukuru kwa vyote vitatu, maana kutoshukuru ni kosa.

Mwaka huo Serikali iliamua kuanzisha mji mpya juu ya kilima kilichokuwa na msitu. Msitu ulikatwa kwa siku tisa, na siku ya kumi ukaitishwa mkutano wa kujadili kama ukatwe. Mkutano ukakubali kwa kauli moja. Mji ukaitwa Mwinuko wa Heshima, viwanja vikapimwa, na wajane wawili wenye nidhamu, Bi Eufrasia na Bi Redempta, wakapewa viwanja vinavyopakana ili nchi ionekane inajali wajane.

Mainjinia wa huko huruhusiwa kusema kweli mara moja kwa mwaka, na siku yao ikafika. Wakasema: kilima kikinyolewa kipara namna hii, mvua itashuka na tope lote, na tope litakwenda moja kwa moja hadi Chemchemi ya Bondeni ambayo mji mzima hunywa hapo. Basi lichimbwe bwawa katikati ya mteremko. Maji ya mvua yaingie humo yatulie, tope lizame, matete yachuje kilichobaki, ndipo maji yaende zake bondeni yakiwa na adabu. Ndani ya bwawa iwekwe nguzo yenye alama nyekundu. Tope likifika kwenye alama, lizolewe. Lisipozolewa, bwawa hilo si bwawa tena, ni sinia.

Serikali ilikubali upesi, hasa iliposikia kwamba kitu hicho kinaweza kuzinduliwa.

Bwawa likachimbwa. Na kwa bahati, au kwa mkono wa shetani kama Bi Eufrasia alivyokuja kusadiki, likaangukia mbele ya mlango wa Bi Redempta.

Sasa, sheria ya nchi ile inasema kwamba mtu ambaye mradi wa Serikali uko mlangoni pake ataitwa Mlezi wa Mradi. Mlezi hapewi mshahara, kwa sababu heshima ikichanganywa na mshahara huchacha. Hupewa kiti chenye mikono, kitenge chenye picha ya Mheshimiwa Sana, na Kitabu cha Wageni. Kitabu hicho ndicho moyo wa nchi. Afisa aendaye kukagua kitu chochote lazima asaini kitabu, na akisha kusaini, kitu kimekaguliwa. Watu wa huko hawaulizani, "Umeliona?" Huulizana, "Umesaini?" Liko daraja moja lililokaguliwa mara mia mbili na ambalo halijajengwa, nalo ndilo imara kuliko yote, maana halijawahi kuanguka.

Bi Eufrasia alikuwa mtu wa sala. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifua vitambaa vya altare na kanzu nyeupe za Padri Apolinari kwa maji ya Chemchemi ya Bondeni, na weupe wake ulijulikana parokia tatu. Watu walisema Padri akisimama altareni asubuhi huna haja ya kuwasha mshumaa. Bi Eufrasia hakuwa na kingine cha kujivunia. Mume alikwisha kutangulia, watoto hakujaliwa, nyumba ni vyumba viwili na sebule. Weupe ule ndio uliokuwa jina lake.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hana wivu. Hata yeye alidhani hivyo, mpaka siku alipokiona kile kiti chenye mikono kikishushwa kwenye gari na kupelekwa kwa jirani.

Tangu siku hiyo pazia la Bi Eufrasia halikupumzika. Akifagia, jicho dirishani. Akipiga pasi, jicho dirishani, na mara moja aliunguza mkono wa kanzu kwa sababu maafisa watatu walikuwa wakishuka kwa Redempta kwa mpigo. Aliwahesabu. Jumatatu wanne, Jumanne sita, Alhamisi mmoja lakini mwenye kitambi, naye akamhesabu wawili.

Ubaya wa Bi Redempta ni kwamba hakuwa mbaya. Angekuwa na majivuno ingekuwa rahisi kumchukia na kulala usingizi. Lakini yeye alifunga kanga kiunoni akatoa majani yaliyoziba mlango wa maji, akafyeka kingo, akashuka kila asubuhi kuitazama nguzo. Afisa akija, alimshika mkono akampeleka hadi ukingoni, akamwonesha, "Tope liko hapa, baba, imebaki shibiri mbili." Na afisa, kwa kuwa ameshikwa mkono, alilazimika kutazama.

Walipokutana chemchemini na ndoo zao Bi Redempta alisema, "Jana nimepata wageni saba, mwenzangu. Hata mboga sikuchuma."

"Pole," alisema Bi Eufrasia.

"Wala si pole, ni kazi ya nchi."

"Basi hongera."

"Mbona unaisema kama mtu anayeng'olewa jino?"

Jumapili ikawa mbaya zaidi. Padri Apolinari, ambaye naye alikuwa amepata waraka, akatangaza kwamba Mlezi wa Bwawa atakaa safu ya mbele. Bi Redempta akapita katikati ya kanisa na kile kitenge, Mheshimiwa Sana akitabasamu mgongoni na akitabasamu tena nyuma ya magoti. Bi Eufrasia akatazama altare. Vitambaa viling'aa kama siku zote. Hakuna hata kichwa kimoja kilichogeuka kuvitazama.

Alirudi nyumbani akapiga magoti. Akasali rozari nzima kumwomba Mungu amwondolee wivu, na alipofika fumbo la nne akajikuta anaomba bwawa lihame.

Mungu hakuhamisha bwawa. Basi Bi Eufrasia akaenda dukani akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akapiga mistari kwa rula: Tarehe, Jina, Cheo, Atokako, Maoni, Saini. Akaliweka sebuleni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Akamwita fundi seremala, akamwambia akitie mikono kiti chake cha kulia chakula. Kisha akaloweka mchele wa vitumbua.

Nyumba yake ilikuwa juu, kando ya barabara. Kwa Redempta ulishuka hatua sabini katika njia ya utelezi. Jumatatu hiyo akatokea Bwana Nikasius, Afisa Mkuu wa Maji Yatokayo Mbinguni, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi mpaka unaweza kujitazama.

"Hodi hapa! Njia ya bwawani ni hii?"

"Karibu, baba. Ndiyo hii. Unashuka na viatu hivyo?"

"Kazi, mama. Nchi imetutuma."

"Viatu vimeikosea nini nchi? Pita ndani kwanza, chai iko motoni. Na kitabu kipo."

Bwana Nikasius akakitazama kitabu. "Hiki ni cha bwawa?"

"Dirisha hili linaliona bwawa, baba."

Afisa akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Kwa mbali akaona ncha za matete. "Kweli kabisa," akasema, "linaonekana. Serikali ina macho marefu." Akaketi, akala vitumbua sita, akasaini. Kwenye Maoni akaandika: Kazi nzuri. Idumu.

Habari njema haihitaji mpiga mbiu. Baada ya wiki mbili maafisa wote wa nchi walikuwa wamejua kwamba liko bwawa moja linalokaguliwa umeketi, lenye chai ya iliki. Wakaja wa Maji, wakaja wa Ardhi, akaja na mmoja wa Mifugo ambaye hakuwa na kazi na bwawa lakini alikuwa na njaa. Wakafika arobaini na watatu. Bi Eufrasia aliwajua kwa vyeo, alijua nani hali sukari na nani husema hali sukari. Jioni alilifungua daftari akazipitisha kidole zile saini moja moja, na moyo wake ukawa mtamu, ila utamu wa namna ile unaoacha kiu.

Huko chini kitabu cha Bi Redempta kikakaa kinakunja kona. Siku moja akapanda zile hatua sabini, miguu ina tope hadi magotini, akasimama uani.

"Dada Eufrasia! Upo?"

Bi Eufrasia akatoka upesi akauvuta mlango nyuma yake. "Nipo, mwenzangu."

"Tope limefika kwenye alama nyekundu. Wiki tano sijamwona afisa hata wa dawa. Mimi jembe ninalo, lakini sheria inasema tope la Serikali haliguswi bila kibali. Wewe uko barabarani hapa. Akipita yeyote, niitie."

"Hawajapita. Pengine wana semina."

Ndani Bwana Nikasius, kitumbua kikiwa kimemkwama, akakohoa.

"Nani huyo?"

"Redio."

Redio ikakohoa tena, ikajipiga kifua, ikaomba maji.

"Redio yako ina kifua, dada," alisema Bi Redempta. Akatazama mlangoni, palipokuwa na viatu vinavyong'aa vimepangwa sambamba. "Tena inavaa namba arobaini na nne."

Bi Redempta hakungoja jibu. Akageuka akashuka, pole pole, kwa sababu ya utelezi.

Tangu siku hiyo Bi Eufrasia alijua. Hana wa kumsingizia. Dirisha lile lile lililowaonesha maafisa ncha za matete lilimwonesha yeye alama nyekundu ikimezwa, kisha nguzo yenyewe ikafupika, kisha ikabaki kichwa tu kama cha mtu anayeoga. Kila asubuhi alisema, leo nitasema. Na kila asubuhi akafikiri: nikisema, watashuka. Wakishuka, wataona alivyofyeka, wataandika, na kiti chake kitaongezwa mto. Akafunga pazia. Aliwahi hata kwenda kuungama, lakini akaungama kusinzia wakati wa masifu.

Mvua ikaja siku ya Jumatano baada ya chakula cha mchana, mvua ya mawe madogo na upepo. Kilima kipara kiliachia kila kitu. Maji mekundu yakashuka barabarani, yakaingia bwawani, yakakuta hakuna mahali pa kutulia, yakapita juu yake kama mgeni aliyekuta nyumba imejaa. Yakaenda bondeni. Asubuhi Chemchemi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Wizara ikatoa tangazo kwamba maji sasa yameongezewa virutubisho, na mwananchi anayetaka yasiyo na virutubisho aandike barua kupitia kwa mkuu wake. Matumbo ya watu yakachafuka, mji mzima ukawa unakimbia kwenda vyooni, na Wizara ya Michezo ikapongeza kasi.

Bi Eufrasia akafua vitambaa vya altare mara moja, vikatoka kama karatasi za kaki za dukani. Akafua mara ya pili kwa mche mzima wa sabuni. Akafua mara ya tatu, akaloweka kwa ndimu, akasugua hadi vidole vikachubuka, na kadiri alivyosuuza ndivyo vilivyozidi kuchukua rangi, kwa sababu kilichokuwa kikivichafua ni yale maji ya kusuuzia. Jumapili Padri Apolinari akasimama altareni na kanzu ya rangi ya ugali wa mtama. Bibi mmoja safu ya kati, ambaye masikio yake hayasikii na kwa hiyo hunong'ona kwa sauti, akasema, "Leo Padri kavaa sare ya mgambo."

Kanisa likacheka. Bi Eufrasia akainama akatazama miguu yake. Akamtafuta Bi Redempta kwa pembe ya jicho ili aone anavyocheka. Bi Redempta hakuwa anacheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Ikaundwa Tume. Watu kumi na mmoja, wenye miwani saba kati yao, wakaja Mwinuko wa Heshima kuchunguza bwawa limekosea wapi. Wakatazama zile hatua sabini, wakatazama viatu vyao, wakaingia sebuleni kwa Bi Eufrasia. Bi Redempta akaitwa aje na kitabu chake, akasimama mlangoni kwa sababu viti vilikwisha. Bwana Nikasius naye alikuwapo, akijipangusa jasho kwa kile kitambaa cha kufuma.

Mwenyekiti wa Tume akavilaza vitabu viwili mezani, akavisoma kuanzia jalada. Alimaliza saa mbili baadaye, akasimama, akaweka mkono mmoja kifuani.

"Ndugu wananchi, na ninyi mliomo dirishani. Kazi ya Tume ni kutafuta ukweli bila kumwogopa mtu na bila kumwudhi. Tunavyo vitabu viwili. Kitabu cha Bi Redempta kwa miezi miwili hakina saini hata moja. Kitabu cha Bi Eufrasia kina saini arobaini na tatu, za maafisa waapishwa. Basi yako mawili tu. Ama maafisa arobaini na watatu wa nchi hii ni waongo..." Hapo wenzake kumi wakatikisa kichwa kwa hofu. "...ama bwawa liko hapa sebuleni."

"Liko hapa," alisema Bwana Nikasius.

"Liko hapa," ilisema Tume.

Bi Eufrasia alisimama kabla hajapanga la kusema, akashika mikono ya kile kiti chake, akasema, "Waheshimiwa, si kweli. Bwawa liko kwa Redempta. Hawa hawakushuka hata siku moja, niliwazuia mimi kwa vitumbua. Tope nililiona likijaa kwa macho yangu, nikanyamaza. Nilikuwa namwonea wivu."

Watu wa dirishani wakaguna. Mwenyekiti akavuta fomu yake, akapitisha kalamu juu hadi chini, akaigeuza na nyuma.

"Wivu haumo," akasema kwa upole. "Kuna Mafuriko, kuna Hujuma, kuna Mapenzi ya Mungu. Mama, unachagua lipi?"

"Nachagua wivu, baba."

"Katibu, andika: Mlezi ni mnyenyekevu sana."

Hivyo ikaamriwa kwamba sebule ile ni bwawa tangu siku ilipojengwa. Ukafungwa utepe kutoka dirishani hadi kabatini, ukakatwa. Alama nyekundu ikapakwa ukutani, usawa wa kiuno. Mvua zote zikaagizwa kupita hapo. Bi Eufrasia akavishwa kitenge chenye Mheshimiwa Sana, akapewa kiti kipya chenye mikono, na mikono yenyewe ilikuwa na mito. Maafisa wawili wakaachwa sebuleni kuyasubiri maji, kwa zamu, na chakula kiwe juu ya Mlezi.

Yote aliyoyatamani yalikuwa yamekaa mbele yake yakimtazama. Akayatazama naye. Kisha akatazama uani, kwenye kamba, pale vitambaa vya altare vilipokuwa vinaning'inia rangi ya tope. Akavua kile kitenge, akakikunja vizuri kwa sababu ya sheria, akafunga kanga kuukuu, akachukua jembe na karai, akashuka hatua sabini.

Bi Redempta alikuwa amekwisha kuingia bwawani, tope hadi mapajani.

"Umekuja kukagua?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nimekuja kuzoa. Nasikia tope hili sasa si la Serikali, la Serikali liko kwangu kabatini."

"Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Ndiyo maana sikungoja kibali. Shika upande ule."

Wakazoa. Baada ya makarai kama kumi Bi Eufrasia akasema, "Redempta, nilikuonea wivu."

"Nilijua. Wivu wako ulikuwa unanukia iliki mpaka huku kwangu."

"Nisamehe."

Bi Redempta akachomeka jembe kwenye tope, akauegemea mpini. "Miaka ishirini na miwili nimekaa kanisani nautazama ule weupe wako. Nikafua za kwangu kwa majivu, kwa papai, kwa nini sijui, hazikufika. Walipokuja kupima bwawa, mainjinia walitaka kuliweka juu kwako. Nikawaambia kwako kuna mwamba."

"Hakuna mwamba kwangu!"

"Najua hakuna."

Bi Eufrasia akamtazama. Akatafuta hasira aliyoizoea, akakuta nusu yake imemwangukia yeye mwenyewe, na nusu nyingine imegeuka kicheko. Wakacheka mpaka Bi Redempta akakalia tope.

Wakafanya kazi siku tisa. Siku ya tisa mvua ndogo ikanyesha, ikashuka barabarani nyekundu vile vile, ikaingia bwawani, ikatulia. Upande wa pili ikatoka kati ya matete ikiwa imepoa, na kule bondeni mchanga wa chini ya Chemchemi ukaanza kuonekana. Wizara ikatangaza mafanikio makubwa ya bwawa la sebuleni, na nchi tatu jirani zikatuma wataalamu waje wajifunze, nao wakasifu vitumbua. Jumapili kanzu ya Padri Apolinari haikuwa na weupe ule wa zamani, lakini yule bibi asiyesikia hakunong'ona kitu.

Ilikuwa imebaki kona moja ya bwawa. Siku ya kumi ya kazi walikuwa humo tangu asubuhi, kila mmoja na upande wake, kila mmoja na lundo lake ukingoni. Kengele ya saa sita ikalia. Wakasimama, wakafanya ishara ya msalaba kwa mikono ya tope, wakasali sala ya Malaika wa Bwana wakipokezana. Bi Eufrasia alikuwa ameinamisha kichwa kama impasavyo mtu wa sala, na katika kule kuinama akaona lundo la Redempta.

Lilikuwa limemzidi. Si kwa mengi, pengine makarai mawili, pengine matatu.

Akaimaliza sala hadi neno la mwisho, maana Mungu hakatizwi. Kisha akatema mate viganjani, akalishika jembe, akaanza kabla Redempta hajasema amina.